Jirani wa Tangi

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja mjini aliyemuuguza mama yake mzazi. Bibi alikuwa amepooza, na kila asubuhi ilibidi aogeshwe, asije akatoka vidonda vya mgongoni. Maji ya jengo lao yalitoka kwenye tangi kubwa jeusi juu ya paa.

Yule mama akawaza: "Tukikaa karibu na tangi, tutapata maji kabla ya wote." Akahama chumba cha chini, akapanda ghorofa ya tano. Bibi alibebwa juu ya kiti cha plastiki, ngazi kwa ngazi, huku bintiye akiwatania majirani: "Nyie wa chini mtafua kwa mabaki yetu!"

Kesho yake akafungua bomba. Maji yakatoka kama uzi. Akangoja mpaka mkono ukafa ganzi, na ndoo haikufika nusu. Siku ya tatu akashuka mbio, akamkuta mpangaji mpya wa chumba chake cha zamani.

"Dada, mnatumalizia maji!"

"Mimi? Hata uso sijanawa. Hebu lete ndoo."

Ndoo ikajaa kabla hawajamaliza kusalimiana.

"Lakini mimi ndiye jirani wa tangi!"

"Ndiyo maana, dada," mwenzake akacheka. "Maji hupata nguvu yakishuka. Huko kwako ndiyo kwanza yanaanza safari."

Akapanda na ndoo yake, nusu ikimwagika ngazini. Alikwisha kuelewa, ila atarudi chini na uso gani?

"Tuvumilie, mama," akasema. "Yatatoka tu."

"Mwanangu," bibi akajibu, "nasikia maji yakipita juu ya kichwa changu, na mgongo wangu unawaka. Kipi kizito kubeba, mimi au aibu yako? Nishushe."

Ndugu zangu, na sisi je? Hatugombanii viti vya mbele, tukidhani kuwa karibu na madhabahu ndiyo kujaa neema? Tangi la Mungu limejaa, wala halikauki. Anayeshuka ndiye anayejaziwa.

Watoto, leo mkifika nyumbani toboeni chupa tundu moja juu, jingine chini. Ijazeni maji, mwone lipi linarusha mbali. Na sisi wazazi tusimame hapo tutazame. Halafu tujiulize: nani nyumbani mwetu mgongo wake unawaka, kwa sababu sisi tunaona haya kushuka?