Bata Bukini wa Bibi Dorkasi

Sogeeni. Mwenye usingizi akalale kwake, maana mwisho nitauliza swali, na jibu la kukoroma silipokei.

Zamani, nchi tuiitayo Marekani ilikuwa majimbo kumi na matatu yaliyomfukuza mfalme wao wa ng'ambo. Kumfukuza waliweza, kukaa pamoja kukawashinda. Wakatuma wajumbe waandike katiba. Wajumbe wakajifungia ukumbini kiangazi kizima, madirisha yamefungwa siri isitoke, na makoti mazito mwilini. Wanaume, basi tena.

Watatu kati yao, majina nimewapa mimi, walipanga vyumba kwa mjane Dorkasi. Enosi, wa jimbo dogo, alijaliwa ukaidi. Filemoni, wa jimbo kubwa, alijaliwa kupatanisha. Yabezi alijaliwa kushuku. Hata chai aliinusa kwanza. Dorkasi akawaahidi kwamba atakayeyafanya majimbo kuwa nchi moja atakula bata bukini wake mzima, peke yake.

Majimbo makubwa yakataka viti vya bunge vigawanywe kwa wingi wa watu. Enosi akasimama. "Nyie ni wengi, kweli. Hata siafu ni wengi." Akafunga mizigo yake, na wenzake wa majimbo madogo wakaanza kufunga yao. Wangeondoka, hadithi ingeishia hapo.

Filemoni akamkimbilia mpaka mlangoni. Akasema yawepo mabunge mawili: moja viti kwa idadi ya watu, jingine kila jimbo sawa kwa sawa, na sheria ipite kote kuwili. Watu wa kwao wakamwita msaliti. Akalimeza tusi hilo. Enosi akafungua mizigo.

Ikabaki kutia saini. Yabezi akasoma: rais yupo, mabunge yapo, mahakama zipo, kila mmoja anamchunga mwenzake. Akaweka kalamu chini. "Na mtu wa kawaida asifungwe kwa kusema lake, hiyo iko ukurasa gani?" Wakanuna. Hakusaini. Lakini swali lake likafika majimboni, na watu wakagoma mpaka wakaahidiwa kwamba haki zao zitaandikwa. Ndipo wakaikubali katiba. Watumwa na wanawake hakuna aliyewauliza. Hilo nalisema wazi, msije mkanisuta.

Siku hiyo kengele zililia mji mzima, watu wakicheza barabarani. Watatu wakarudi kwa Dorkasi, wakamkuta bata mezani, mafuta yakimchuruzika.

"Bila mimi," akasema Enosi akivuta kiti, "usingekuwa na ugomvi wa kupatanisha."

"Bila mimi ungekuwa kwenu na mizigo yako," akajibu Filemoni.

Yabezi akamnusa bata kwanza. "Bila mimi, wananchi wangewashia jiko karatasi yenu."

Dorkasi alicheka mpaka akakaa. Kisha akashika kisu. "Niliahidi mmoja, na mmoja ndiye atakayekula. Semeni upesi, nyama inapoa."

Haya, msinitazame mimi. Wewe ungemsogezea nani sahani? Na usiniambie wagawane. Hilo ni jibu la mtu aliyekwisha kula.