Maji ya Mgeni

Hapo zamani, na mwenye kutaka kunikatiza aanze sasa amalize, palikuwa na kisiwa cha Ngarawe, mbali huko ambako meli hufika mara moja kwa msimu. Mto hakuna, kisima hakuna. Watu walikunywa mvua waliyoikinga. Basi sheria yao ilikuwa kali: mgeni hashuki mpaka mwenyeji asiye ndugu yake amletee gatini mtungi wa maji kutoka nyumbani kwake. Hakuna mtungi, rudi na meli yako.

Kiangazi kimoja akaja Bi Tufaha, mkunga. Bintiye Raya aliolewa Ngarawe, mimba ya kwanza ikaharibika, na sasa uchungu wa hii ya pili ulikuwa umeshaanza. Mkunga wa kisiwa alikuwa amefariki. Mume wa Raya akakimbia na mtungi gatini. Akarudishwa, mkwe naye ni ndugu. Masikini, hakuwahi kumpokea mgeni, hakulijua hilo. Akarudi kumshika mkewe. Bi Tufaha akabaki melini, akimsikia mwanawe analia, maana nyumba ya Raya ilikuwa pale pale karibu na gati. Uchungu wa mwana, aujuaye mzazi.

Nahodha Sharwani alipaswa kung'oa nanga maji yakijaa. Akasema injini imegoma. Injini nzima kabisa! Kwa uongo ule angeweza kunyang'anywa meli.

Faki, mlinzi wa gati, alikatazwa kuliacha gati meli ikiwapo. Akaliacha. Akabisha mlango kwa mlango, na kila mtu akautazama mtungi wake, akakohoa.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Bi Subira, asiyesemezana na Raya tangu mbuzi wa Raya alipomtafunia kanga mpya. Akasikiliza, akasonya, akajitwika mtungi uliobaki nyumbani kwake.

“Kunywa, uingie,” akamwambia Bi Tufaha. “Mwanao simpendi, lakini mtoto hajanikosea.”

Jua halijatua, mtoto akalia, na mama yake mzima. Alhamdulillahi!

Sasa, desturi ya Ngarawe ni hii: aliyemfikisha mkunga ndiye humpa mtoto jina. Raya akawaita wote, hata Bi Subira.

“Ningeondoka,” akasema Sharwani, “maji mngemnywesha nani?”

“Nisingebisha,” akasema Faki, “Bi Subira angejuaje?”

“Mmoja alisimama, mmoja alitembea,” akasema Bi Subira. “Sheria ilitaka maji. Nani aliyaleta?”

Raya akawatazama, akacheka huku machozi yanamtoka. Mtoto ananyonya, jina hana.

Haya, ninyi mliokuwa mkinong'ona pale nyuma: nani alistahili kumpa jina?