Breki ya Kuamshwa

Wapendwa, nikiogopa naongea harakaharaka, nivumilieni, maana mfano huu umenikaa kooni tangu juzi.

Alikuwepo fundi mmoja wa magari aliyejiundia ndege uani kwake, ndege kweli, ya viti viwili, majirani wakipita wanamwuliza itataga lini. Alisharuka nayo peke yake akatua salama. Halafu akabadilisha mpira wa breki, na ukifungua mpira, upepo unaingia kwenye mafuta. Akamwambia mkewe, kesho nawapakia wewe na mtoto, tukawaone bibi na babu, tutatua pale malishoni. Na hayo malisho, ndugu zangu, yanaishia kwenye shimo la kokoto.

Basi mke akakaa ndani akanyage pedali, mume akalala chini ya gurudumu akifungua nati na kufunga, upepo utoke. Mke akawa anauliza, upepo kidogo hivyo una ubaya gani? Mume akamweleza vizuri tu, mafuta hayabonyei, upepo unabonyea, kwa hiyo mguu unabonyeza upepo na gurudumu halina habari.

Walipomaliza, mke akakanyaga, pedali ikazama. Akakanyaga tena na tena, ikawa ngumu. Akaiacha kidogo, akakanyaga, ikazama.

"Baba Anyisile, mbona inazama?"

"Si uiamshe kwanza, mama. Kanyaga mara tatu, inashika. Kwani ya pikapu siyo hivyohivyo?"

Na ni kweli. Pikapu yao ilikuwa hivyo siku zote, hata aliyeiazima aliambiwa, kabla ya kona iamshe. Wameshazoea.

Mke hakubisha, alitaka kujua tu. "Kwani nani alikwambia breki huwa inalala?"

Mume akacheka, halafu akaikumbuka kesho, kule malishoni. Mnaliona lile shimo la kokoto? Mama yuko kitini, mtoto mapajani, magurudumu yamegusa nyasi, hiyo nafasi ya kuamsha utaipata wapi?

Akachukua bomba la sindano, akasukuma mafuta kuanzia chini kwenye gurudumu kwenda juu, kwa sababu upepo hupenda kupanda, na wao muda wote walikuwa wanaukanyaga urudi chini. Mke akainama kwenye kikopo cha mafuta kilichoko juu, mtoto mgongoni, wakaona mapovu yanatoka, madogo, halafu moja kubwa. Mke akarudi kitini, akakanyaga mara moja. Ngumu, jiwe.

Mnadhani wakaruka? Fundi alichukua spana na chupa ya mafuta, akaipita ndege yake bila kuitazama, akaenda kulala chini ya pikapu. Ile iliyompeleka mtoto kliniki tangu azaliwe, mteremko wote ule.

Wapendwa, sisi tunaogopa ndege. Mimi naogopa, nina mtoto mchanga, naogopa kila kitu kigeni. Lakini kilichotubeba kila siku tumekikagua lini? Upole wetu unaoamka mgeni akibisha hodi, sala zetu zinazoshika tukishasikika na jirani, tukikanyaga mara tatu tunasema ngumu, iko sawa. Mungu hataki tukanyage zaidi. Anataka kuanzia chini, kule tusikopenda aguse, asukume mpaka mapovu yatoke juu tuyaone.

Leo ukifika nyumbani, kabla hujamwamsha mtu mwema uliye naye ndani yako, mtoto akimwaga uji, jikanyage mara moja tu. Usikie kama unashika au unazama.