Udongo wa Kaburi la Zaina

Sogeeni. Anayetaka hadithi ya kuchekesha akalale, maana hii itamkera.

Walikuwapo wachoma mkaa watatu, kila mmoja na kipaji chake. Semboja aliijua miti: akigonga gogo tu, anakwambia litatoa mkaa au jivu. Sekiete alijenga tanuri la udongo lisilovujisha hewa. Kibwana aliusoma moshi, akajua kuni zimeiva kiasi gani bila kufunua tanuri.

Jirani yao, Mhina, alikuwa anamwoza binti yake Zaina. Mvua ilikuwa imelowesha kuni zote, na wageni lazima wale. Akawapa wale watatu nguzo kuukuu za umeme zilizokuwa uani kwake. "Chomeni hizi, wanangu. Ni kavu kabisa."

Semboja alipozikata, akaona ukijani ndani ya mti. "Hizi zimetiwa dawa ya mchwa," akasema, lakini msumeno hakuuweka chini.

"Dawa gani itaushinda moto?" akajibu Sekiete. Akazipanga, akazifukia, na matundu ya moshi akayaelekeza nyumbani kwa Mhina, kwa kuwa upepo ulikuwa unavuma kuelekea huko.

Kibwana akabaki kulinda tanuri. Moshi ulinuka kitunguu saumu. Akashtuka kidogo, kisha akajiambia ni viungo vya harusi vinatwangwa.

Jamani, moto hauli kila kitu. Shaba ya ile dawa, iliyoleta ule ukijani, ilibaki ndani ya mkaa. Arseniki, sumu yenyewe, haikuungua. Ndiyo iliyonuka kitunguu saumu; ilipanda na moshi, ikaingia chumbani kwa Zaina, aliyekuwa amefungiwa ndani kama ilivyo desturi ya bibi harusi.

"Baba, nitoe nje. Kifua kinawaka."

"Vumilia, mwanangu. Bibi harusi haonwi na watu kabla ya siku yake."

Akavumilia, akafa. Inaniuma kila ninapoisimulia.

Daktari alipoeleza kilichomuua, Mhina alisimama makaburini akatamka, "Aliyemuua mwanangu asitupe udongo hapa."

Wale watatu walikuwa wameshika udongo tayari.

"Mimi niliiona dawa," akasema Semboja.

"Mimi niliuelekeza moshi," akasema Sekiete.

"Mimi niliunusa," akasema Kibwana, "nikanyamaza."

Watu wakamgeukia Mhina. Naye alikuwa na udongo mkononi.

Kaburi liko wazi na jua linazama. Haya, nyinyi mnaonisikiliza: nani autupe udongo wake, na nani aumwage chini aende zake?