Mlingoti wa Mzee Filipo

Fisi aliyenusa nyama kwenye njia panda alitaka kuzifuata njia zote mbili kwa pamoja, na mwisho alikosa kote. Kwa kisa hicho wazee walitufundisha kwamba asiyekubali kuchagua hupoteza hata kile alichokuwa na uhakika nacho. Anold aliijua methali hii tangu darasa la nne. Kuijua hakukumsaidia.

Anold alikuwa fundi wa mtandao katika kampuni iliyonunua tangawizi milimani Upare. Seva ya kampuni ilikuwa mjini Same, alikofanya kazi, na mizani ilikuwa juu, Suji. Gunia likipimwa Suji, uzito wake ulitumwa Same, na seva ikarudisha stakabadhi. Bila stakabadhi, gunia halikupanda lori.

Kwa miaka tisa taarifa hizo zilipita kwenye mlingoti wa redio uliosimama mgongoni mwa kilima. Aliyeusimika ni marehemu baba yake, mzee Filipo. Vyuma walivibeba begani wao wawili, baba na mwana, siku tatu, kwa kuwa gari halikufika kule. Kisha akaja Dorkas, binti mpole aliyetoka chuoni, akapandisha mkongo, waya wa nyuzi za kioo, hadi Suji. Mkongo ulikuwa na kasi ya swala. Dorkas akaipanga ruta ya Same, kifaa kinachozielekeza taarifa njia, hivi: taarifa zote zipite kwenye mkongo, mlingoti usubiri siku mkongo ukikatika.

"Mlingoti wenu sasa ni mke mkubwa," Rashidi, dereva wa meneja, alimtania Anold. "Heshima tele, zamu hakuna."

Watu walicheka. Anold naye alicheka, lakini wivu ulimkwama kama mwiba wa samaki kooni. Kila meneja alipomsifu Dorkas, yeye alitazama sakafu.

Asubuhi moja ya Februari mama yake, Veneranda, alimpigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo napeleka magunia manane kituoni. Nikiuza tu, tunamjengea baba yako kaburi kabla ya masika."

Anold aliitazama ruta. Stakabadhi ya kaburi la baba yake ipite kwenye mkongo wa Dorkas? Moyo ulikataa. Lakini kuuzima mkongo aliogopa, wangemgundua. Basi akazipa njia zote mbili nafasi sawa, zigawane kazi, asimwambie mtu.

Kufika saa nane, kazi ya Suji ilisimama. Stakabadhi zilikatika vipande, vingine vikipanda kwa mkongo, vingine kwa mlingoti. Uzito ulikuwa ukitumwa kwa mkongo, na mtambo wa ulinzi wa Suji, uliozoea kupokea jibu kwenye mlango lilikotokea swali, ukavikataa vile vya mlingoti. Na nusu ya stakabadhi si stakabadhi.

"Kaka Anold, umegusa kitu kwenye ruta?" Dorkas aliuliza.

"Mimi? Nitagusa nini, na mkongo ni wako?" Dorkas akamwamini, akaenda kutafuta hitilafu kwenye mkongo wake.

Saa tisa na nusu mama alipiga tena. "Mwanangu, dereva wa lori anasema mvua hii ikishuka hatapita ile kona ya utelezi. Saa kumi anaondoka. Huko mjini mna nini?"

Akisema, ataaibika mbele ya Dorkas. Akinyamaza, magunia yatabaki. Anold alitaka kuokoa vyote viwili, jina lake na magunia ya mama yake, hivyo akajifanya anakagua nyaya, mmoja mmoja. Ilipofika saa kumi na dakika kumi ndipo alipomwendea Dorkas.

"Ni mimi. Nilizipa nafasi sawa."

Dorkas alirekebisha kwa dakika mbili. Stakabadhi zikafika Suji zikiwa nzima, lakini lori lilikuwa limekwisha kuteremka.

"Kwa nini, kaka?"

"Ule mlingoti aliusimika baba."

Dorkas alimvutia kiti. "Ungeniambia. Kila Ijumaa tungeuzima mkongo dakika kumi, mzee akafanya kazi yake."

Mvua ilinyesha wiki tatu na lori halikupanda tena. Tangawizi ikaota ukungu ghalani. Veneranda alipanga mawe kulizunguka tuta la kaburi ili maji yasilichukue. Anold aliyabeba mawe hayo begani, kama alivyovibeba vile vyuma. Kila alipoinua kichwa aliuona mlingoti ukisubiri juu ya kilima, na chini yake kaburi la udongo likilowa. Hakika, njia mbili zilimshinda fisi.