Koti la Mzee Hoza

"Koti la baba halichimbi mtaro." Mama yenu kamwambia kaka yenu hivyo asubuhi, na ninyi mmenijazania duka mnataka kujua msemo umetoka wapi. Haya, kaeni, na mkasi wangu usiguswe. Mambo yalikuwa hivi, na mimi nilikuwepo.

Mzee Hoza alikuwa diwani wetu miaka ishirini. Koti lake zito la kahawia nililishona mimi, maana baridi ya milima hii mnaijua. Alipofariki, mwanawe Sefu akarudi kutoka mjini kugombea kiti kile. Sefu alikuwa mwigizaji wa tamthilia za televisheni, na jamani, yule kijana alijua kuigiza! Akaniletea koti la baba yake. Mikono yake ilimzidi, ikameza hata vidole.

"Nipunguze?" nikamuuliza.

"Thubutu! Hili la baba, fundi. Hata uzi usiguse."

Akapanda nalo jukwaani. Akakohoa kama marehemu, akasema kwa sauti ya marehemu, "Wanangu, maji yatafika." Watu wakalia. Mimi pia nililia, sioni haya kusema.

Kesho yake akatufuata bondeni. Tulikuwa tumechoka kungoja hayo maji, tukaanza kuchimba mtaro wa bomba wenyewe. Sefu akasimama ukingoni, akakohoa, akaanza tena, "Wanangu..."

Bi Mwanamvua, aliyebeba ndoo kwenye kilima kile tangu usichana wake, akamkabidhi jembe. Kijana akalishika kwa mikono ile mirefu ya koti, likamponyoka. Akaliokota, likamponyoka tena.

"Vua," bibi akasema.

"Bibi, hili ni koti la baba."

"Najua. Nilimpenda baba yako, Mungu amrehemu. Lakini maneno hayo alituambia miaka ishirini, na ndoo bado iko kichwani kwangu. Vua, mwanangu. Koti la baba halichimbi mtaro."

Wapambe wake wakaja juu. Sefu akawazuia kwa mkono. Hilo halikuwa limeandikwa kwenye tamthilia yake yoyote. Akavua koti. Akashuka mtaroni akitetemeka kwa baridi, akachimba mpaka adhuhuri, viganja vikamtoka malengelenge. Kesho akarudi. Na keshokutwa. Mikutano mingine hata hakwenda.

Tulimchagua, na mabomba aliyafuatilia mpaka yakaja. Siku maji yalipotoka, ndoo ya kwanza alimjazia Bi Mwanamvua, akamvika na lile koti mabegani.

"Asante, bibi," akasema, machozi yakimlenga. "Wengine wote walinipigia makofi."

Bibi alilivaa kila kipupwe mpaka alipotutoka. Nami kila nikifungua bomba namwombea.

Sasa kamwiteni kaka yenu, anayejigamba kijiji kizima kwamba babu yake ni fundi, na hajawahi kushona hata kifungo. Cherehani hii hapa, inamngoja. Koti la baba halichimbi mtaro.