Saini ya Wakili Rugaimukamu

Msiojua ujanja, sogeeni. Kampuni ya simu za Ng'aro ilirusha maboresho ya programu yake mtandaoni, na simu mia tatu za watu wa Korogwe zikafa na kugeuka matofali siku hiyo hiyo. Wenye simu wakashtaki kwa pamoja, wakamtanguliza Chambuso, fundi baiskeli anayeamkiwa shikamoo na shetani mwenyewe.

Mahakamani, Wakili Rugaimukamu wa kampuni akasimama na suti yake ya kung'aa.

"Mheshimiwa Hakimu, kesi ifutwe. Kila mmoja wao alibonyeza 'Nakubali', na masharti yanasema wazi kwamba hakuna kushtaki."

"Masharti ya kurasa tisini, mwanangu?" Chambuso akauliza. "Nani ayasome?"

"Usiposoma shauri yako, mzee. Ukikubali umekubali."

"Hata bila kusoma?"

"Hata ukiwa umefumba macho!"

Chambuso akamkabidhi hakimu daftari la wageni. "Asubuhi niliketi nalo pale mlangoni, Mheshimiwa. Wakili akasaini mbio mbio, kama afanyavyo kila asainiye daftari la wageni nchi hii. Naomba usome yale maandishi madogo ya juu."

Hakimu akasoma: "'Mimi niliyesaini hapa nakiri kwamba kampuni yangu ndiyo iliyoua simu hizi, na itazitengeneza zote.'"

"Utapeli!" Wakili akabweka. "Daftari la wageni nani hulisoma? Saini ya mtu asiyesoma haimfungi!"

"Andika hayo, Mheshimiwa," Chambuso akasema, akakaa zake. "Ndiyo hoja yetu sisi watu mia tatu."

Hakimu akaandika.